Kwaya Ilipoimba Kitenzi Changu

Nilisikia kayamba kwanza. Ukungu ulikuwa umelala juu ya kijiji chetu cha Nambis asubuhi ile, naona ncha za viatu vyangu na majani ya maharage yaliyolowa pembeni mwa njia, basi, kanisa lenyewe silioni, na kutoka huko nisikokuona zikaja kayamba, kisha ngoma, kisha akina mama, sauti ya kwanza juu, sauti ya tatu ikiingia polepole kwa chini: "Luo, lueis, lueeei! Luomen, luousi, luousi, Bwana!"

Nikasimama katikati ya njia kama ng'ombe aliyesahau kwao.

Nawaambia mapema ili mcheke mmalize, maana mimi mwenzenu bado nina hasira na sitaki kukatizwa: kwaya ya akina mama ilikuwa inaimba jedwali la vitenzi vya Kigiriki, wakiamini kwa moyo wote kuwa ni sala ya mitume, na aliyewapa jedwali lile ni mimi, Emiliana, mwanachuo wa Biblia, mwanamke wa kwanza kutumwa na usharika wetu kusomea uchungaji. Tena siku hiyohiyo, baada ya ibada, baraza la wazee wa kanisa lilikuwa likae kuamua kama nirudi chuo Mbulu mjini kwa mwaka wa pili au nafasi yangu apewe kijana mwingine. Na mgeni wa kuhubiri, ambaye baraza lilitaka pia kumuuliza habari zangu, alikuwa Mwalimu Lohay. Anafundisha nini Mwalimu Lohay? Kigiriki.

Ngojeni niwaambie ilivyoanza.

Kigiriki cha Biblia kinamtesa mtu kwa namna yake. Sisi Kiswahili chetu kinageuza kichwa cha kitenzi, nafungua, unafungua, anafungua, unajua mapema nani anafanya na unatulia. Kigiriki kinageuza mkia, luo, lueis, luei, inabidi usubiri mpaka mwisho ndipo ujue ni mimi au ni wewe au ni yule, na nomino nazo hazikai zilivyo: neno likiwa mtenda lina mkia huu, likitendwa lina mwingine, likimiliki mwingine, likipewa kitu mwingine tena, logos, logou, logo, logon. Mwalimu Lohay hutufundisha kwa kugonga meza na dasta, anagonga sisi tunaimba, anagonga tunaimba, chaki inapaa mpaka nywele zetu zinakuwa za wazee. Na mimi nimegundua kichwa changu hakishiki kitu nikiwa nimekaa. Nashika nikiwa nakata majani ya ng'ombe, nikibeba maji, nikipalilia. Kwa hiyo likizo nzima niliyapalilia maharage ya Baba Mkubwa nikiimba mikia.

(Kuyapenda niliyapenda, msinielewe vibaya. Kuna asubuhi nilisimama na jembe langu, maneno yale ya zamani yakanijaa kifuani kama maji kwenye mfereji, nikalia peke yangu shambani kwa furaha. Lakini kupenda kitu ni tofauti na kuonyeshwa nacho watu.)

Baba Mkubwa Akonaay ndiye aliyenilea tangu baba yangu alipofariki. Pia ndiye mwenyekiti wa baraza la wazee. Binti yake alimaliza kujenga nyumba ya matofali, tukaalikwa kuibariki, watu wamejaa mpaka uani, pilau imeshaiva, na Baba Mkubwa akasimama na kofia yake mkononi.

"Huyu mtoto tulimpeleka mjini," akasema, "tunaambiwa anasoma lugha ya mitume. Mimi ni mtu wa zamani, najiuliza tu, mwanamke na Kigiriki! Atampikia nani ugali wa Kigiriki?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana ndivyo tulivyofundishwa.

"Sasa kabla hatujakaa barazani kumzungumzia," akaendelea, "afadhali tusikie wenyewe. Emiliana, simama. Tuombee kwa Kigiriki."

Hapo. Hapo ndipo ningesema, "Baba Mkubwa, shikamoo, bado sijafika huko, mwaka wa kwanza ni majedwali tu." Sentensi moja! Lakini nilimwangalia yule kijana mwingine, ambaye ameketi karibu na sufuria na hajawahi kuambiwa na mtu asimame aonyeshe chochote, nikaziangalia zile nyuso zinazongoja nishindwe, damu ikanipanda, nikasimama, nikafumba macho, na kichwani mwangu hapakuwa na sala hata moja ya Kigiriki. Palikuwa na dasta ya Mwalimu Lohay.

"Luo," nikasema. "Lueis. Luei."

Sasa mtu wa kwetu anajua. Wazee wetu wana slufay, sala ya kubariki ya kimila, mzee mmoja anatupa mstari, watu wote wanaupokea kwa pamoja, anatupa, wanapokea, mpaka mioyo inapiga pigo moja. Mimi sikulifikiria hilo. Nilikuwa nafuata dasta. Lakini dasta na slufay, kumbe, vinatembea mwendo uleule, na nilipofika mwisho wa safu ya kwanza Bibi Magdalena, shangazi yake Baba Mkubwa, mama ambaye masikio yake yamezeeka lakini hayajasahau, akaitikia. Nikatupa safu ya pili, wakaitikia watatu wanne. Nikaingia wakati ujao, luso, luseis, lusei, ua mzima ukaitikia. Nilipomaliza vitenzi nikaingia nomino. Kwa nini niliingia nomino? Nani alinituma? Nilikuwa na hasira na nilikuwa nashinda, na mtu mwenye hasira anayeshinda hajui mahali pa kukomea.

Nilipofumbua macho Bibi Magdalena alikuwa analia. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanitemea baraka juu ya paji la uso kama wanavyobarikiwa wanaosafiri mbali. Baba Mkubwa alikuwa anajifanya anakohoa, macho yamemlowa.

"Tumesikia," akasema. "Maana yake nini, mwanangu?"

Mwanangu! Kabla ya sala nilikuwa "huyu mtoto".

"Ni... kufungua," nikasema. "Kufungua kilichofungwa. Na Neno."

(Mnaona? Si uongo. Luo ni kufungua na logos ni neno. Hiyo ndiyo iliyoniua, kwamba haikuwa uongo kabisa.)

Kesho yake simu ya Baba Mkubwa ikaita. Ana ng'ombe wake amewaweka Gendabi, Hanang, kwa rafiki yake Gidamis, mfugaji, na mmoja alikuwa anazaa na ndama amekwama. Baba Mkubwa akanikuta jikoni, akaninyooshea simu.

"Mfungulie."

"Baba Mkubwa, mwiteni daktari wa mifugo!"

"Daktari yuko njiani. Wewe ombea. Gidamis, weka laudspika, mshikie ng'ombe sikioni!"

Niliwaambia nina hasira, si ndiyo? Hebu nifikirieni, masizi mikononi, nazungumza na sikio la ng'ombe aliyeko wilaya nyingine, luo, lueis, luei, na upande wa pili nasikia wanaume wanavuta na kuhema. Halafu sauti ya Gidamis: "Ametoka. Jike." Halafu, baada ya kufikiri kidogo: "Mimi Mungu wenu simjui sana. Lakini lugha yake ng'ombe anaielewa."

Daktari alifika akakuta ndama amesimama. Habari nayo ikasimama, ikatembea, ikafika kwa Mama Eliya, kiongozi wa kwaya, ambaye alikuwepo siku ya nyumba na ana kichwa kinachoshika kitu chochote chenye mdundo. Mimi sikujua. Nilijua Jumapili ile, ndani ya ukungu.

Nilikimbia. Nikaingia kanisani viatu vina tope, akina mama wamevaa sare mpya.

"Mama Eliya, shikamoo. Nakuomba, wimbo huo msiuimbe leo."

"Marahaba. Kwa nini? Sauti ya tatu iko chini sana?"

"Siyo sauti. Ni kwamba siyo wimbo."

"Ulikuwa siyo wimbo," akasema kwa fahari, "sasa ni wimbo. Tunamwimbia mgeni wako. Tumekuficha makusudi ufurahi."

Ningesema pale. Walikuwa wananiangalia wote, wamefurahi, mmoja ana mtoto mgongoni, na nje ringi la gari likaanza kugongwa kuita watu ibadani, na pikipiki ikaingia uwanjani na Mwalimu Lohay nyuma yake, koti limemvimba kwa upepo. Nikaenda kukaa kwenye benchi langu.

Walisimama baada ya somo la pili. Mama Eliya akatoa neno: "Wimbo huu tumeupata kwa binti yetu. Mungu aliutumia kubariki nyumba, akautumia kwa ng'ombe wa mwenyekiti." Kayamba zikaanza.

Nilimtazama Mwalimu Lohay, sikuwa na pengine pa kutazama. Kwanza alikunja uso kama mtu anayesikia jina lake kwenye umati. Kisha mkono wake, naapa hakuuamuru, ukaanza kugonga benchi. Anagonga wanaimba, anagonga wanaimba, na wao walipoona mgeni anagonga wakazidi, ngoma ikazidi, Bibi Magdalena akapiga vigelegele, na walipofika pale walipokosea tangu asubuhi, Mwalimu akashindwa kujizuia, akasimama na kidole juu:

"Luete! Mmeruka luete, akina mama! Luomen, luete, luousi!"

Kayamba zikafa moja moja.

"Mwalimu," akasema Baba Mkubwa kutoka kiti cha mbele, "kumbe wimbo huu unaujua?"

"Wimbo?" Na hapo yule mtu akacheka. Kicheko cha mwalimu ambaye hajapata wanafunzi wazuri kiasi kile maisha yake yote. "Mzee wangu, hili ni jedwali la kitenzi! Nafungua, unafungua, anafungua, tunafungua. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza ndiyo wanaanza nalo!" Akatoa kitambaa, akafuta machozi.

Kanisa zima halikucheka. Afadhali wangecheka. Bibi Magdalena akamuuliza jirani yake, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "Kwa hiyo siku ile tulilia nini?"

Mimi nilishuka kwenye benchi langu, nikaenda nikapiga magoti mbele yake palepale, nikamwomba radhi. Nikageuka nikawaomba radhi akina mama wa kwaya. Mama Eliya hakunitazama. "Sauti ya tatu niliitafuta wiki nzima," akasema, akiikung'uta kayamba yake kama ina vumbi.

Baraza lilikaa ofisi ya usharika, nami nimesimama kama mwizi wa kuku.

"Mwalimu," akasema Baba Mkubwa, "hiki Kigiriki anakijua au hakijui?"

"Anakijua," akasema Mwalimu Lohay, sasa amepoa. "Darasani hakuna anayemfikia. Mtu aliyeweza kuwafundisha akina mama bila kukusudia—"

"Kama angekuwa hakijui ningemsamehe. Anakijua, halafu akatuchezea. Bibi mzima analia! Mimi naagiza ng'ombe ashikiwe simu!" Akanigeukia. "Unaniaibisha baada ya chakula chote nilichokulisha. Niombe radhi hapa mbele ya wazee, tumalize, urudi chuo."

Jamani, ilikuwa rahisi. Neno moja, na mwaka wa pili ni wangu. Goti langu lilishaanza kukunjika. Lakini hasira ya siku ile ya nyumba ikarudi, ikawa kubwa kuliko aibu.

"Kwa Bibi nimeomba radhi," nikasema. "Kwa kwaya nimeomba, na nitaomba tena. Kwako, Baba Mkubwa, siombi. Nani alinisimamisha? Ulinisimamisha mbele ya watu kama mbuzi wa mnadani, anafunguliwa mdomo ahesabiwe meno. Hukutaka sala. Ulitaka nishindwe. Yule kijana mbona hukumwambia asimame? Nilikuwa na hasira, nikakupa nilichokuwa nacho. Ukalia wewe mwenyewe. Sasa una hasira kwa sababu ulilia."

Hakuna mtoto aliyewahi kumwambia Akonaay hivyo. (Ile ya mwisho ningeimeza. Ilikuwa kweli, lakini ningeimeza.)

"Tupige kura," akasema Baba Mkubwa polepole. "Wanaotaka arudi chuo."

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Mama Eliya, naye ni mzee wa kanisa, na bado hakunitazama. Kisha mwingine. Kisha wengine, mmoja huku mwingine kule, mpaka chini ukabaki mmoja, wa Baba Mkubwa.

Tangu siku ile nimeapa: sitamwombea mtu kwa lugha asiyoielewa, hata akinishikia fimbo, na nikiambiwa simama uonyeshe, nitakaa. Wenzangu chuoni wakiimba jedwali lile mimi nalisoma kimoyomoyo, midomo imefungwa, na mikia yote bado naijua.

Baba Mkubwa alihesabu mikono yote kwa macho, bila haraka, kama mwenyekiti mwenye kujua kazi yake. Akachukua fimbo yake. Akavaa kofia, akaiweka sawa.

"Umepita," akaniambia. "Rudi chuo ukasome. Lakini nyumbani kwangu usiombe tena, hata kwa Kiswahili."

Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake taratibu, mpaka kitasa kikalia.