Breki za Kusukwa kwenye Mteremko wa Golini

Mume wangu Amin ni mtu wa ndoto za mchana. Simsengenyi, maana nimeshamwambia usoni mara nyingi na yeye hucheka tu. Ukimtuma chumvi dukani, hurudi na habari za ndege aliyemwona mtini, na chumvi kaisahau. Mtu wa namna hii ndiye ambaye Mungu alimpa pikipiki, kisha akamweka juu ya kilima cha Kwale, penye ule mteremko mrefu unaopita Golini mpaka Kombani.

Kazi yake ni bodaboda. Asubuhi huteremsha watu wanaowahi kazi Ukunda na hoteli za Diani, wengine huwafikisha hospitali ya Msambweni, na jioni huwapandisha. Wenzake wa stejini wana tabia moja niliyoipigia kelele mpaka sauti ikanikauka: wakifika juu ya mteremko huzima injini, wakashuka bure kwa breki peke yake, ili wasichome petroli. Amin hata petroli haimshughulishi. Yeye huzima kwa ajili ya kimya. Anasema ukizima pale asubuhi, ukungu wa vilima vya Shimba ungali umelala chini ya minazi, husikii kitu ila upepo sikioni na majogoo ya watu, na mwili unakuwa mwepesi kama wa mtu aliyesinzia. Siku moja alinipakia nionje. Nilimfinya mbavu mpaka Kombani. Lakini ni kweli, na sitamwambia, palikuwa pazuri.

Tunaishi na mama yake, Bi Twaiba. Mama mkwe hukuna nazi, akakamua tui na kulipika mpaka litoe mafuta, na mafuta yake yanasifika kilima kizima. Kwake yeye kitu chochote kinachomlinda mtu sharti kipakwe mafuta ya nazi na kisomewe Bismillahi: utosi wa mtoto mchanga, bawaba za mlango, jembe jipya, cherehani. Ndivyo alivyolelewa, na hakuna wa kumwambia vingine.

Alikuwa na mtoto wa kwanza, Feisal, kaka yake Amin. Homa ilimshika akiwa mdogo. Bi Twaiba akampaka mafuta, akamkanda, akangoja homa ishuke, na walipomfikisha Msambweni muda ulikuwa umekwisha. Habari hiyo haizungumzwi nyumbani kwetu. Lakini siku Amin alipoleta pikipiki nilimwona mama mkwe akiizunguka, akaweka kiganja juu ya tangi kama mtu anayepima joto la mgonjwa.

Basi mwezi wa saba, asubuhi ya baridi, breki ya mbele ikamfia Amin mteremkoni. Alikuwa peke yake, alhamdulillahi. Alivuta mkono wa breki ukaja wote mpaka kwenye usukani, mtupu. Akakanyaga breki ya nyuma, pikipiki ikayumba, akaingia nayo kwenye shamba la mihogo la watu. Alirudi nyumbani kiwiko kimechunika, majani ya muhogo kichwani, anatabasamu. Nililia kwanza, kisha nikamtukana. Mama aliingia jikoni akapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Amin ana fundi wake Ukunda, Mramba, Mduruma wa Kinango mwenye maneno machache. Mramba aliikagua pikipiki mchana, jua la utosi. Mafuta ya breki aliyaona sawa. Akamwonyesha Amin ule mpira unaotoa mafuta hayo kwenye mkono wa breki na kuyapeleka chini kwenye gurudumu. Umechakaa, akasema, ukivuta breki mpira unavimba, na nguvu inaishia humo badala ya kuifinya diski ya gurudumu. Dawa yake ni paipu ya kusukwa: ndani ina mrija mgumu, na nje imevikwa nyuzi za chuma kisichoshika kutu zilizosukwa pamoja. Hiyo haivimbi hata uivute vipi.

Jamani, mume wangu alipenda. Nimeolewa naye miaka na sijawahi kusifiwa kama ilivyosifiwa paipu ile. Alikuwa akila huku anaielezea, akaacha kula. Siku ya kuifunga nilikwenda naye ili nijue ninashindana na nani. Mramba alipima kwa uzi kutoka juu hadi chini, akageuza usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, ili paipu isije ikavutika kwenye kona. Akaweka washa mpya za shaba, vile vipete vya kuzuia mafuta yasivuje, kwenye maungio. Akaifunga mbali na rangi ya tangi, maana nyuzi zile zikisugua hukata kama tupa. Kisha akamimina mafuta mapya ya breki, Amin akawa anavuta mkono na kuachia, vuta, achia, na Mramba kule chini akilegeza skrubu ndogo kutoa hewa, mpaka mapovu yakaisha. Nikaujaribu mkono wa breki mwenyewe. Ulikuwa mgumu kama ukuta.

Nyumbani Bi Twaiba alipitisha ukucha juu ya ule msuko, pole pole. Ujanani alisuka ukili wa mikeka, na kitu kilichosukwa hawezi kukipita bila kukishika. Akasema aliyesuka hii ana mkono. Amin akafurahi kama yeye ndiye aliyeisuka.

Siku zile zilikuwa tamu. Paipu iking'aa kwenye ukungu, Amin akishuka mteremko kimya kimya, akirudi jioni kunihadithia kona moja moja kama mtu aliyetoka safari ya mbali. Nami nikalala usingizi. Halafu asubuhi moja akaingia ndani na kofia yake mkononi, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba breki imelegea tena.

Mie hasira zangu hazijui kungoja. Niliteremka Ukunda nikamwambia Mramba maneno ambayo sitayarudia hapa. Alisikiliza yote huku akifuta mikono kwa kitambaa. Nilipokwisha akaniuliza kama breki hulegea asubuhi kule juu, kwenye baridi, na kukaza ikifika huku chini kwenye joto. Nikasema ndivyo. Akasema atakuja Kwale yeye mwenyewe, mapema.

Alikuja jua halijatoka. Akafungua kifuniko cha kile kikopo kidogo cha mafuta ya breki kilicho kwenye usukani, akatuita. Juu ya mafuta paliganda kitu cheupe, laini. Amin alikitazama, nami nikakitazama, na hapakuwa na haja ya kunusa. Mtu wa nyumba yetu anajua mafuta ya nazi yanavyoganda chupani mwezi wa saba. Kule Ukunda huyeyuka, na jicho halioni kitu. Mramba akaeleza kwamba mafuta hayo yamevimbisha mipira midogo iliyomo ndani ya breki, na kwamba hata paipu ingekuwa ya dhahabu, breki ingekufa vile vile.

Sauti ya mama ikatoka jikoni, ikimkaribisha fundi uji.

Amin alinishika mkono. "Usimwambie," akasema. "Akijua ni yeye aliyeniangusha, atahesabu ameua wawili."

Nikamjibu kwamba yeye yuko hai. Akasema kwa mama itakuwa sawasawa tu. Machozi yalikuwa yamemjaa, nikashindwa kugombana naye mbele ya watu. Mramba akaosha breki yote, akabadilisha mipira ya ndani, na kwenye uji akamwambia mama kwamba maji yaliingia. Mama akamwombea dua.

Mwanamume mwenye akili angezungumza na mamake. Wangu alikifunga kile kifuniko kwa waya, akadhani yamekwisha. Tuligombana kitandani kwa kunong'ona. Nilimwambia aseme yeye au nitasema mimi. Akaniomba nimpe muda, na kila siku akawa na sababu yake.

Ijumaa moja alfajiri nilitoka na ndoo, nikamkuta mama amechutama kando ya pikipiki. Ule waya ameufungua na kuuweka pembeni vizuri. Kifuniko keshakirudisha, anakikaza kwa ncha ya kisu cha jikoni, na chupa iko chini. Midomo yake inamwombea mwanawe. Maneno makali niliyoyaweka tayari kwa siku nyingi yalinitoka yote kichwani. Niliona mwanamke mzee, leso kichwani, anatetemeka kwa baridi.

Amin akatokea, amevaa kofia. Akaona kila kitu. Na mume wangu, wallahi, akasema, "Asante, mama," akapanda pikipiki ateremke nayo hivyo hivyo.

Nikauchomoa ufunguo.

"Mama," nikasema, "mafuta haya ndiyo yaliyomwangusha mwanao."

Nikamweleza yote, baridi, joto, ile mipira, na jinsi fundi alivyokuja. Sikupaza sauti. Hakulia. Alimgeukia Amin akamuuliza kama alijua. Amin akatikisa kichwa kukubali, macho chini. Mama akamuuliza kama angeteremka hivyo. Amin akauinamia ule waya, akawa anauzungusha kidoleni.

"Feisal alipokuwa anazidiwa, mtaa mzima uliona," mama akasema. "Wakaniheshimu, wakanyamaza. Nawe mwanangu unaniheshimu vivyo hivyo."

Amin alivua kofia akaangua kilio kama mtoto. Nami nililia, nikaona haya kwa jinsi nilivyokuwa nimengoja siku zote zile. Mama alituacha tulie mpaka tukatosheka. Kisha akamwambia Amin asiwashe chombo, tunakiteremsha kwa mguu sote mpaka Kombani, na huko kwenye tambarare ataendesha taratibu hadi kwa Mramba.

Tukashuka. Amin kashika usukani, mimi ubavuni, mama nyuma kashika keria, kile chuma cha mizigo, kwa mikono miwili, mwili wake wote ameurudisha nyuma, visigino vinasaga changarawe. Ukungu ulikuwa mzito, sisi watatu na pikipiki tukawa kama tunaelea. Amin akamwambia kwa upole kwamba breki ya nyuma ni nzima, hana haja ya kujichosha. Mama akazidi kuvuta. Tulipofika Golini njia ikalala kidogo, nikaona mikono yake imekuwa myekundu, nikamwomba aachie apumzike.

"Siachi," akasema, na hakuachia.