Majani ya Mkorosho Njia ya kwa Bi Biubwa

Kwenye cheti cha kuzaliwa anaitwa Mwishehe. Lakini kuanzia Visiga anakoishi mpaka Maili Moja, hukohuko Kibaha, watu wanamwita Mgomba. Na hapana, hauzi ndizi.

Ilikuwa wiki yake ya kwanza na baiskeli ya michezo, ile ya viatu vinavyonasa kwenye pedali. Dukani walimwonyesha namna ya kuvinasisha. Kuvinasua akasema atajifunza mbele ya safari. Basi Jumamosi asubuhi akasimama Maili Moja kupisha watu wavuke, mbele kabisa ya kibanda cha supu, watu wamejaa na chapati zao mkononi. Baiskeli ikasimama, miguu ikabaki imenasa. Sasa huyu bwana hakuanguka kama binadamu wa kawaida. Hakurusha mikono wala hakupiga kelele. Alilala taratibu, kanyooka, macho wazi, usukani kaushika vilevile. Mama wa supu akashika kichwa: "Jamani, mgomba huo unalala!"

Ikawa imeisha hiyo. Kabla hajafuta tope shavuni, video ilishafika kwenye grupu la kazini. Mwishehe ni karani wa masjala, mtu wa mafaili na shati la kuchomekea. Bosi wake akaandika maneno mawili tu: "Pole Mgomba." Likishaandikwa na bosi, hilo ni jina rasmi, ukitaka kulibadilisha nenda mahakamani ukaape.

Miaka mitatu baadaye, Mgomba huyohuyo ndiye anayechora njia za kundi la Jumamosi, watu kumi na wanne wenye baiskeli na magoti mabovu. Njia anayoipenda ni ya kushuka Morogoro Road mpaka Kiluvya, halafu unaiacha lami na malori yake, unakata kwenda Kisarawe. Huko unapanda, unashuka, unapanda tena, msitu upande mmoja, mashamba ya mihogo upande wa pili. Ukifika juu, kama hakuna ukungu, unaona maghorofa ya Dar yamepangana kama vibiriti na nyuma yake mstari mwembamba wa bahari. Hapo huwa wanasimama, wanapiga picha, na Onesmo anaanza. Onesmo ni fundi umeme, kwao Usangi, milimani Upareni, na hana adabu kwa vilima vya watu.

"Huu ndio mlima wenu? Kwetu hii ni ngazi ya kuingilia jikoni."

"Mbona unahema sasa?"

"Nahema kwa masikitiko."

Wengine wakicheka, Mwishehe huwa anaangalia kusini. Barabara ya Maneromango inaanzia Kisarawe, na ukiifuata kwa masaa mawili na kitu unafika kwa mama yake, Bi Biubwa. Kila Jumamosi anafika hapo juu, anaiangalia hiyo barabara, anageuza baiskeli, anarudi Kibaha.

Mwanzoni mwa mwaka Bi Biubwa aliugua. Akampigia mwenyewe, sauti imekauka: "Mwanangu, njoo tukae tuonane." Mwishehe akajibu kazi zimembana, akatuma hela ya dawa. Wiki ileile, dada yake Rukaya, anayekaa na mama, akawa anapitia simu, akakuta picha. Mwishehe yuko Kisarawe, kavaa kaptula ya kubana, dafu mkononi, meno yote nje. Rukaya bila kufikiria akamwonyesha mama. Bi Biubwa akaisogeza simu karibu na macho, akaitazama wee, akairudisha.

"Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Nimeiona."

Tangu siku ile hakupokea tena simu ya mwanawe. Miezi minne. Mwishehe anapiga, inaita mpaka inachoka yenyewe. Usiseme angeenda tu. Anajua. Kila kilima anachopanda anajiambia Jumamosi ijayo, na kadiri wiki zilivyozidi ndivyo ilivyokuwa ngumu kufika mlangoni, na akifika aseme nini.

Mwisho akaja na mbinu ya mwoga: aende na kundi zima. Alijiaminisha kwamba mama hawezi kumfukuza mbele ya wageni. Akachora njia mpya mpaka Maneromango, chakula cha mchana kwa mama, akamtuma Rukaya apeleke habari. Jibu likarudi: "Barabara ni ya serikali. Anayepita apite."

Siku ilipofika, Mwishehe alitangulia peke yake kuweka alama. Kawaida huwa anachora mshale kwa chokaa, ila usiku ule mvua ilinyesha na chokaa haishiki tope. Kwa hiyo kila njia panda akakata majani ya mkorosho, akayalaza kuonyesha pa kukata kona. Kwenye mdomo wa kijia cha kwa mama yake aliweka rundo zito zaidi, ili asipotee mtu.

Hapo alitakiwa aingie, asalimie kwanza. Akasimama. Akaona bati la nyumba kwa mbali. Akanywa maji ambayo hakuwa na kiu nayo, halafu akageuza baiskeli awarudie wenzake, eti wasije wakapotea. Akawakuta Onesmo kapasua tairi, wakakaa hapo saa nzima na zaidi.

Sasa, kwa mtu aliyezoea Morogoro Road, majani barabarani maana yake lori limekufa mbele. Lakini huku, majani kwenye mdomo wa kijia yakielekea nyumba ya mtu, maana yake ni moja tu: kuna msiba. Na Mwishehe kazaliwa hukuhuku! Kibaha ilikuwa imeshamfutia hayo kichwani.

Walipofika, aliwaona watu kabla hajaiona nyumba. Wanawake wamejifunika kanga, wanaume kwenye mikeka chini ya ukuta, mama mmoja anateremsha kuni kichwani. Mlango umefungwa. Mzee Maulidi, jirani wa tangu na tangu, akaja na kumshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Umewahi, mwanangu. Mshukuru Mungu umewahi."

Baiskeli ikaangukia huku, yeye akakaa chini kule, kwenye tope, na viatu vyake vya kugongagonga. Hakulia. Alikuwa anahesabu Jumamosi. Kumi na sita, kumi na saba. Zote alifika pale juu Kisarawe. Onesmo alivua kofia akaiangalia ndani.

Ndipo Bi Biubwa akatokea nyuma ya nyumba, kapu la mihogo kichwani, jembe begani.

Mwanamke mmoja akapiga yowe, mwingine akakimbilia migombani. Bi Biubwa akasimama, akawaangalia mmoja mmoja.

"Kwangu kuna nini?"

"Bi Biubwa," Mzee Maulidi akasema, "si umekufa wewe?"

"Nani kasema?"

"Majani! Yamewekwa barabarani, yanaelekea kwako. Tumekuja mlango umefungwa, Rukaya hayupo."

"Rukaya yuko mashineni anasaga. Mimi nachimba mihogo. Kayaweka nani hayo majani?"

Mwishehe akanyoosha kidole, kama darasani.

Mama yake akatua kapu. Wengine walitegemea matusi, na huyu mama anayaweza. Lakini alisema taratibu:

"Hawa wamekuja kwa majani. Hata jina hayana. Wewe nilikuita kwa mdomo wangu."

Hapo ndipo Mwishehe alipolia, mtu mzima wa miaka thelathini na saba, kaptula imembana. "Nisamehe mama."

"Inuka kwanza. Umeniua mchana kweupe, kazi ya kuwaomba radhi watu si yangu. Pita, mmoja mmoja."

Akapita. Kila mkono alioushika ulikuwa na lake. Biasha, mwenye kuni, akasema, "Mimi ndiye niliyempakia kwenye bodaboda kumpeleka zahanati, alikuwa hajiwezi." Mzee Maulidi akasema paa la jiko alilirudishia yeye. Mwingine alimtekea maji wiki tatu. Hawakumsuta, walikuwa wanamweleza tu, maana walidhani anajua. Alikuja kuomba samahani kwa majani, akajikuta anasikiliza miezi minne ya mama yake kutoka kwa watu ishirini na tatu.

Mchele wa msiba ulikuwa umeshafika, kwa hiyo ukapikwa. Bi Biubwa akawazungukia wageni wake na sahani, akasimama mbele ya Onesmo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hizo kaptula, baba, humo ndani mnapumua?"

"Kwa zamu, mama."

Bi Biubwa alicheka mpaka akashika mbavu. Kwa Mwishehe hakucheka. Alimwekea chakula kama wengine, na walipoaga alimpa mkono kama wengine. Hakuna "karibu tena", hakuna "nimekusamehe". Njia nzima ya kurudi kundi lilimwacha aendeshe nyuma peke yake.

Jumatatu, saa ya chai, akatoka nje ya ofisi akapiga. Ikaita mara moja, mbili. Ya tano ikapokelewa.

"Sema haraka, nina mihogo jikoni," mama yake akasema.

Akauliza mihogo ya nazi au ya chumvi. Wakaongea mihogo dakika kumi na moja.

Haya, zamu yenu sasa. Nani yuko masaa mawili tu kutoka ulipo, na kila wiki unageuza kabla hujafika? Na kama ulishafika, ilikuwaje mlangoni? Tuandikieni hapo chini, hata kama ni aibu. Aliyeua mzazi wake kwa majani ya mkorosho kashatangulia, hakuna atakayewacheka. Sana.