Kamba ya Mita Mia

Asubuhi ile nilitoka chumbani kwangu Kisumu saa kumi na moja bila kujua naenda wapi. Nilibeba begi la mgongoni lenye shuka, nguo mbili na chupa ya maji, nikavaa viatu vyangu vya kukimbilia, nikausukuma ufunguo chini ya mlango wa mwenye nyumba. Nimehama hivyo mara nyingi. Watu hudhani nimefukuzwa au nimepata kazi mahali. Kwa kawaida huwa nimeamka tu, na miguu haitaki kulala tena.

Mara hii kulikuwa na sababu, ingawa njia haikuwepo. Wiki moja kabla nilikuwa nimekimbia kilomita kumi mjini nikamaliza kwa dakika arobaini na sekunde nne. Kwa miaka mitatu nilikuwa nafukuza kitu kimoja, kumaliza kilomita kumi chini ya dakika arobaini. Kushinda hakukuwa akilini. Katika nchi hii mtu wa dakika arobaini akifika, aliyeshinda ameshaoga na anakula. Nilitaka tu muda wangu uanze na thelathini na tisa. Niliacha shule darasa la saba, nimechimba mchanga, nimeuza miwa, nimelinda ghala la watu, na hakuna kitu nilichokaa nacho mpaka kikaisha. Hiki ndicho kilichokataa kuniacha. Kila muda wangu niliuandika kwa kalamu ndani ya ulimi wa kiatu cha kushoto. Wa mbio za mji wa Awasi uko pale, dakika arobaini na mbili, siku ya jua kali. Na chini kabisa, zile sekunde nne.

Nilishika barabara ya Busia nikikimbia polepole, begi likinigonga mgongoni. Kulikucha nikiwa Otonglo. Wachuuzi walikuwa wanapanga nyanya, na kando ya barabara pikapu iliyofunikwa magunia ilikuwa imezima. Mama mmoja mnene aliyevaa koti la mvua alikuwa amesimama mlangoni mwa pikapu, mkono kwenye usukani.

"Yawa! Wewe unakimbia kama mtu ameiba kuku," aliniambia. "Kuja usukume kwanza, utakimbia baadaye."

Nilisukuma. Pikapu ikakohoa, ikawaka. Maji yalikuwa yanadondoka nyuma, baridi, yakanilowanisha miguu. Nikauliza amebeba nini, maana siwezi kuona kitu nisiulize. Akasema ni barafu. Kila siku alfajiri huichukua mjini na kuipeleka ufukweni Asembo Bay, wanunuzi wa samaki wahifadhi mzigo wao.

"Wewe unaenda wapi?"

"Sijui bado, Mama."

Alinitazama kuanzia begi mpaka viatu. "Na hivyo viatu ni vya mbio?"

"Ndiyo."

"Basi panda. Leo kwetu kuna mbio. Kilomita kumi, saa nne. Ukibaki hapa barafu itaisha kabla hujaamua."

Nilikaa juu ya magunia njia nzima, makalio yakifa ganzi. Sikuwahi kufika Asembo Bay. Nilijiambia nakwenda kutazama tu, lakini tulipoteremka kuelekea ziwani nilikuwa nimeshakunywa maji yangu kwa kipimo, jinsi mtu anavyofanya siku ya mbio.

Mbio zilikuwa zimeandaliwa na wavuvi wenyewe. Mkubwa wao, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, ndiye aliyekuwa anaandikisha. Hakukuwa na karatasi za namba. Alituandika kwa kalamu nene mkononi. Mimi nikawa thelathini na moja.

"Umetoka wapi, omera?"

"Kisumu."

"Umekuja kutunyang'anya kombe?"

"Jaduong', kombe sitaliona hata kwa mbali."

Wakacheka, na nikapendwa hapo hapo.

Njia ilikuwa ya kwenda na kurudi. Mwanzo wake ulikuwa mgumu kwa namna yake, kwa sababu akina mama walikuwa wameanika omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye nyavu kuukuu pande zote mbili za barabara, na katikati wametuachia kichochoro cha watu wawili. "Atakayekanyaga omena yangu atakula yote, na mchanga wake!" mmoja alipiga kelele. Filimbi ikalia. Tulipita pale kama ng'ombe wanaoingia josho, kisha barabara ikafunguka.

Kuna siku mwili unakubali. Wavulana wa mbele walipotea mapema, sikuwafuata. Nilishika pumzi yangu, nikatazama saa yangu ya mkononi, saa ya kawaida isiyojua kilomita. Alama ya kugeuzia ilikuwa mstari wa rangi ya mashua, buluu, umechorwa barabarani mbele ya kanisa. Niligeuka pale dakika ya kumi na tisa na nusu. Sikuamini. Nikasubiri kuchoka, na uchovu ukaja, lakini ulikuja kama mgeni aliyechelewa chakula kikiwa kimekwisha. Nilipoona omena tena nilikuwa nakimbia mdomo wazi. Saa yangu na simu ya mzee zilikubaliana: dakika thelathini na tisa na sekunde kumi na mbili.

Nilikaa mchangani, nikavua kiatu cha kushoto, nikaazima kalamu ya mzee. Ulimi ulikuwa umeloa jasho, wino ukasambaa kidogo. Niliandika hata hivyo. Mama wa barafu alinipa kipande cha barafu nikakishika kwenye mashavu ya miguu, nikawa nacheka peke yangu.

Ningeondoka saa ile, ningekuwa mtu mwenye raha hadi leo. Lakini nilianza kuuliza. Nilimwuliza mzee walipimaje ile njia, maana hakuna gari lililoonekana kuhusika.

"Na kamba," alisema kwa fahari. "Sisi tuna kamba ya mita mia ya kuvutia wavu. Watu wawili, huyu anasimama, yule anavuta mbele, wanaweka jiwe. Mara hamsini kwenda. Hamsini kurudi. Hesabu ni safi."

Kamba yenyewe ilikuwa imeviringishwa juu ya mashua iliyopinduliwa. Nilikwenda kuitazama, na mikono ikaanza kuipitia. Nikakuta fundo. Mbele kidogo, jingine. Nikafika kumi na moja.

"Mzee, hii ilikatika?"

"Kamba ya wavu lazima ikatike. Ikikatika tunafunga."

"Na mlipofunga, ilibaki mita mia?"

"Hiyo ni mia. Tuliinunua mia. Hata dukani iliandikwa."

Kila mtu pale aliiita hivyo. "Leta mia." "Mia iko wapi?" Wameivuta miaka mingi, wakaikata ilipochanika na kuifunga upya, na jina halijapungua hata sentimita moja.

Nilimwendea fundi wa mashua aliyekuwa anapigilia misumari karibu na hapo, nikamwomba tepu yake ya mita tano. Alinipa bila kuacha kazi. Nikaitandaza kamba mchangani, nikatambaa nayo. Tano, kumi, kumi na tano. Vijana walijikusanya. Aliyeshika nafasi ya kwanza, kombe bado likiwa kwapani, alisimama mbele yangu.

"Omera, wewe ulikuwa namba ngapi?"

"Wa kumi na sita."

"Sasa wa kumi na sita anatafuta nini kwa kamba?"

Wakaangua kicheko. Nikaendelea kutambaa. Mita tano ziliingia mara kumi na tisa, kisha zikabaki mbili. Kamba ya mita mia ilikuwa na mita tisini na saba. Shuleni hesabu ilinishinda, lakini hii niliifanya mchangani kwa kijiti, na ilikataa kutoka vingine. Mita tatu zimepungua, mara mia moja. Mita mia tatu hazikuwepo njiani. Kwa mwendo wangu hizo ni zaidi ya dakika moja. Sikuwa nimekimbia thelathini na tisa yoyote. Nilikuwa nimerudi nyuma ya zile sekunde nne.

"Wacha hiyo maneno," mama wa barafu aliniambia kwa upole. "Saa imesema, mzee amesema. Nani atakuuliza?"

Hakuna ambaye angeuliza. Ningebeba kiatu changu mpaka Busia, mpaka popote, na wino ungekuwa pale. Ila mimi ningejua, na mimi ndiye ninayevua kile kiatu kila siku.

Mzee alinisogelea. Alichukua tepu, akapiga magoti na kofia yake, akapima mwenyewe mita kumi za mwisho. Kisha akasimama akipangusa mchanga.

"Kwa hivyo wavu wangu pia haifiki mahali nafikiria inafika," alisema.

"Inawezekana, jaduong'."

"Miaka yote nalaumu samaki!" Akacheka mpaka akashika kiuno, na wengine wakacheka naye. Alipomaliza, alinielekezea kidole. "Jumatatu tutaongeza kipande, iwe mia ya kweli. Wewe utashika mwisho wa kamba, kwa sababu wewe ndio umeleta hii kesi. Tutapima njia upya. Jumamosi vijana wanakimbia na wewe tena. Utakuwepo?"

Jumamosi ilikuwa siku saba mbele. Tangu nianze kutembea huku na huku, siku saba mahali nisipokuwa na kazi sikumbuki kuzimaliza. Nilitazama barabara inayopanda kutoka ziwani. Pikapu ilikuwa imeshushwa mzigo, tupu, uso umeelekea Kisumu.

"Kuna mahali pa kulala?" niliuliza.

Mama wa barafu alinipeleka nyuma ya ghala lake. Kilikuwa chumba kidogo cha mabati chenye kitanda cha mbao na dirisha la kutazama mashua. Ukuta mmoja ulikuwa wa matofali, nao ulishikana na sehemu anayowekea barafu. Aliupiga kofi. "Huu ukuta iko baridi mchana na usiku. Wageni wote hulalamika."

"Mimi sitalalamika."

"Kaa basi. Lakini usiende kupima kitanda changu."

Alipoondoka nilikiweka kiatu cha kushoto dirishani kikauke, ulimi ukiwa umevutwa nje. Nikalala chali sakafuni, nikaegemeza mashavu yote mawili ya miguu kwenye ukuta ule wa baridi. Ulikuwa mchana bado. Miguu ilitaka kuinuka. Nikaibana pale, nikaanza kuhesabu siku: Jumapili, Jumatatu ya kamba, Jumanne.