Nadhiri ya Mshtarii

Baba alikuwa hataki kufa kabla Wachina hawajarusha chombo chao kwenda Mshtarii, ile sayari kubwa kupita zote. Najua utacheka. Mimi mwenyewe nilicheka, tena mbele yake, siku ya kwanza aliponiambia. Hakukasirika. Alisema, "Cheka, mwanangu, ukimaliza kanunue betri za redio."

Ujana wake wote aliumalizia kwenye maabara ya hospitali, akipima damu za watu, na kazi hiyo alifundishwa na madaktari wa Kichina. Mmoja wao alikuwa na darubini ndogo. Siku moja baada ya magharibi alimpandisha baba juu ya paa, akamwambia atazame, na baba akaiona Mshtarii na miezi yake minne imejipanga ubavuni. Hadithi hiyo tuliisikia nyumbani kwetu Kiponda, hapa Unguja, mpaka tukaweza kumsahihisha akikosea. Tangu hapo, lolote Wachina walilofanya huko juu, baba alikuwa mtu wao. Chombo chao kilipotua mwezini alizunguka soko la Darajani asubuhi nzima akipokea hongera, utadhani kaozesha binti.

Kisha kisukari kikamla macho, nikawa mimi ndiye msomaji wake. Nafundisha skuli moja huko Amani. Kila siku nikishasali alasiri nilipanda ngazi zake, nikampa shikamoo yake, nikafungua simu. "Haya, wamesemaje?" Mpango ulikuwa chombo kiende Mshtarii, kiizunguke, kisha kiutazame kwa karibu mmoja wa miezi yake. Kingine kidogo kitaachana nacho njiani, kiendelee mpaka Uranusi, huko mbali kabisa. Safari yenyewe ni ya miaka, na baba alikuwa na akili ya kutosha kujua hatakuwapo.

"Kufika kwake sikutaki," alisema. "Nataka nisikie kimeondoka tu."

Akaweka nadhiri. Mungu akimpa uhai akasikia kimeondoka, atachinja mbuzi na kuwalisha pilau watoto wa madrasa na majirani wote. Watu huweka nadhiri mgonjwa wao apone, au mtoto afaulu mtihani. Baba yangu aliiweka kwa ajili ya chombo cha Wachina. Mama angekuwa hai angekuwa na la kumwambia.

Figo nazo zikaanza. Daktari aliniita kando akanieleza kwamba muda uliobaki si mrefu, nami nikawa najibu naam, naam, kama mtu anayeelekezwa njia. Wiki ile ile nikasoma kwamba safari imesogezwa mbele. Nilisoma nikiwa ngazini, nikakaa pale pale. Hasira zilinipanda. Niliwachukia Wachina wote siku ile, maskini, watu wasionijua wala kunitambua. Nikaingia chumbani. Baba akauliza, "Wamesemaje?"

"Baba, kimeondoka."

Wallahi sikuwa nimepanga. Aliinua viganja vyake kama anayeomba dua, na machozi yakatoka kwenye macho yale yasiyoona. Halafu akaanza maswali. Kimeondoka saa ngapi? Hali ya hewa ilikuwaje? Nikamwambia kulikuwa na mawingu kidogo. Mawingu kidogo, ati. Mtu akishaanza kusema uongo hupenda na kuupamba.

Nilichosahau ni nadhiri. Siku ya pili nilimkuta ameshavaa kanzu na ameshazungumza na mchinjaji. Ningeweza kusema wakati ule, nikashindwa kwa sababu alikuwa na furaha. Ijumaa baada ya sala watoto wa madrasa walijaa ukumbini mpaka kwenye ngazi, pilau ikapakuliwa kwenye masinia, na mwalimu wao akakiombea chombo safari ya salama. Mimi nilikuwa jikoni, na kila watoto walipoitikia amin niliona aibu upya.

Rafiki wa baba, muuza misumari wa Darajani aliyesoma naye chuo cha Kurani tangu wakiwa wadogo, alikuwa amekaa ubavuni mwake. Alitoa simu ili atazame picha za chombo kikiondoka. Alitafuta sana. Kisha nikamsikia akisema, "Mbona huku wanasema bado?"

Mikono ikasita kwenye masinia. Baba aligeuza uso upande wa jikoni, nilikokuwa, halafu akamwambia mwenzake, "Hiyo habari yako ya zamani. Na simu yako nzee kama wewe." Wakacheka, wakarudi kwenye pilau.

Alinisitiri mbele za watu. Wageni walipokwisha kuondoka, akaniita nikae kitandani pake.

"Kimeondoka?"

"Hakijaondoka, baba."

Alipapasa mpaka akaupata mkono wangu. "Kwa hiyo na wewe ushaniona sifiki."

Nilikuwa nimejitayarisha kugombezwa, na kugombezwa nakuweza. Hilo sikuliweza. Nilimwambia nilitaka afurahi. "Nlifurahi," akasema. "Nlifurahi sana. Ile pilau tuihesabu sadaka, nadhiri bado iko. Sasa nipe maji."

Tangu siku ile nilimsomea ukweli mtupu, hata ulipokuwa mchungu. Alisikiliza, akasema haya, basi. Maswali yake yalikoma. Alifariki miezi michache baadaye na chombo kiko pale pale kwao.

Nilimwendea mwalimu wa madrasa kumuuliza kama nitaweza kuitimiza nadhiri ya baba siku kitakapoondoka. Akanijibu kwa upole kwamba si lazima. Baba aliifunga kwa uhai wake, na uhai haukufika, basi hakuna linalomwajibisha yeye wala mimi. Alidhani ananipunguzia mzigo. Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jambo la mwisho nililotaka kumfanyia.

Siku ya arobaini muuza misumari alibaki kunisaidia kukunja majamvi. Akaniambia tangu ile Ijumaa, kila nilipokuwa nikishuka ngazi, baba alibonyeza simu yake kwa kupapasa na kumpigia.

"Ananieleza ulichomsomea, neno kwa neno, na mimi nnatazama huku kwenye simu. Nikimwambia ni kweli, anashukuru, anakata."

"Kila siku?"

"Kila siku, mwanangu. Na hukusema uongo hata mara moja."

Hakijaondoka mpaka leo. Nikipata habari yoyote nampigia muuza misumari, nikamsomea polepole, kisha nabaki na simu sikioni nikimsubiri ahakikishe.