Baba Alipoanza Kusoma Mwenyewe

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama mchele mkavu unaomwagwa kidogo kidogo kwenye ungo. Ilitoka kwenye kijisanduku cheusi kilichokaa mbele ya kibodi, sebuleni kwetu Tandika, na kila iliposikika chumba kilinuka vumbi lililopashwa moto, kwa sababu kompyuta yetu ilikuwa imelala stoo muda mrefu kabla ya kuletwa nyumbani. Juu ya kijisanduku kulikuwa na mstari wa vitundu arobaini, na ndani ya kila kitundu visindano vilivyopanda na kushuka vyenyewe. Baba aliviwekea vidole, akainamisha kichwa, akanyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, niko likizo, na sijawahi kumwona mtu mzima akinyamaza kwa furaha namna ile.

Baba alipofuka kwa surua akiwa mdogo. Shuleni alifundishwa maandishi ya nukta nundu, yale yanayosomwa kwa vidole, na alipokua akapata kazi ya opereta wa simu katika shirika moja la umma, kule Chang'ombe. Ukimtajia jina la mfanyakazi yeyote, kidole chake kilikuwa kimeshatangulia kwenye kitufe. Namba zote alikuwa nazo kichwani. Kitu kimoja tu kilimshinda, gazeti, na hapo ndipo mimi nilipopata cheo changu. Kila siku baada ya swala ya alasiri tulikaa barazani, nikamsomea kuanzia ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo. Watoto wenzangu walikuwa wakicheza rede, nami sikuwaonea wivu hata kidogo.

Kisha shirika likauzwa, kama mashirika mengi ya wakati ule. Akaja meneja mpya, mtu mpole, msema machache. Alimwita Baba ofisini kwake, akamwambia kuwa orodha ya majina na namba za simu sasa itakaa kwenye kompyuta na itabadilika kila wiki, kwa kuwa watu wengine wataondoka na wengine wataingia. "Wewe utaisomaje, Mzee Athumani?" Baba aliomba apewe mwezi mmoja wa kutafuta njia. Jioni ile Mama alinivuta jikoni, akaninong'oneza, "Habari za watu kupunguzwa kazini usimsomee baba yako. Ziruke." Nikaziruka.

Kijisanduku alikuwa nacho tayari. Rafiki yake wa barua, asiyeona kama yeye, alimtumia kutoka Ulaya alipopata kipya, na kwa miezi mingi kilikaa kabatini kwa kuwa hakuna aliyejua cha kukifanyia. Baba akamweleza Fidelis, kijana wa Kichaga aliyekuwa fundi wa kompyuta pale ofisini. Fidelis aliomba kompyuta kuukuu ya stoo, akaileta kwetu Jumamosi akiwa ameifunga shuka nyuma ya pikapu.

"Shikamoo mzee. Nimejaribu kwenye Windows ya ofisini, haikitambui kabisa," alisema. "Lakini kuna mfumo mwingine unaitwa Linux, jamaa yangu wa chuo kikuu kanipa diski zake. Huo hauna mambo ya picha picha. Ni maandishi matupu, na kuna programu inayachukua yale maandishi ya kwenye kioo na kuyapeleka kwenye hizo nukta."

"Marahaba. Basi yalete," Baba akajibu.

Hayakuja kirahisi. Siku ile visindano vilipanda, Baba akapapasa, akatikisa kichwa. "Hiki si Kiswahili, wala Kiingereza si chenyewe." Fidelis alizima, akawasha, akabadilisha waya, mambo yakawa yale yale. Jumamosi iliyofuata Baba alimwambia aache waya. "Niandikie herufi a peke yake." Fidelis akaandika. "Hapa imeinuka nukta ya nne. Ya a ni ya kwanza. Nipe b." Wakaenda hivyo, herufi moja moja. Baba akagundua kuwa programu ilikuwa ikitaja nukta kwa mpangilio usio wa kijisanduku chetu, za kushoto zimekwenda kulia na za kulia kushoto. Yeye akawa anataja, Fidelis anasahihisha kwenye faili, mimi nawaletea chai. Walianza asubuhi. Adhana ya magharibi iliwakuta kwenye herufi z. Fidelis akaanzisha programu upya, akaandika neno, na Baba akasema polepole, "Ng'ombe." Akarudia kwa sauti ya juu, "Ng'ombe! Na kile kialama cha juu kipo!" Mama akatoka jikoni mbio akidhani kuna ng'ombe kaingia uani.

Baada ya hapo kazi yangu ilikuwa kumchapia Baba habari za gazeti ili vidole vyake vizoee. Siku ya tatu aliniuliza, "Mwanaidi, na ile habari nyingine, umeiacha?" Nikashtuka. Nikauliza amejuaje. "Kazini wanazizungumza habari za watu kupunguzwa. Wewe ukizifikia, unavuta pumzi, halafu unasoma ya mpira. Wiki mbili sasa. Mama yako ndiye kakutuma, sijakasirika. Ila leo ichape yote, nisome mwenyewe." Niliichapa huku machozi yananitoka. Aliisoma kimya, mstari kwa mstari, mpaka mwisho, kisha akaniomba nyingine. Nilimheshimu Baba siku zote, lakini siku hiyo nilijua nilikuwa nikimchukulia kama mtoto.

Mwezi ulipokwisha nilimshika mkono hadi ofisini, na Fidelis akaipeleka kompyuta. Meneja aliamuru kioo kizimwe, asije mtu akamnong'oneza Baba. Alipewa majina kumi ya wafanyakazi wapya, akayasoma na namba zake bila kukosea. Meneja hakuridhika, huenda alidhani yamekaririwa. Akavuta kibodi, akachapa mwenyewe, kioo kikiwa giza. Visindano vikalia. Baba akapitisha kidole, akatabasamu.

"Umeandika, 'Mzee Athumani anasona vizuri.' Mie si fundi cherehani, bwana, nishone nguo. Hapo ilitakiwa m."

Fidelis alicheka kwanza. Meneja akafuata, akacheka hadi akavua miwani. Baba alibaki kwenye kiti chake cha opereta mpaka alipostaafu, na Jumamosi nyingi baadaye sebule yetu ilijaa watu wasioona, kutoka Mbagala hadi Kinondoni, wakisubiri zamu ya kuweka vidole.

Mwaka jana, ofisini ninakofanya kazi sasa, aliajiriwa binti asiyeona. Kijisanduku chake ni chembamba kama daftari na hakina waya. Fundi alikitoa kwenye boksi, akakiwasha, na kabla chai yangu haijapoa binti alikuwa anasoma barua pepe zake. Hakuna aliyegeuka kutazama. Mimi peke yangu nilisimama pembeni ya meza yake, nikavitazama vidole vyake, nikitafuta namna ya kumwambia kuwa kulikuwa na watu wawili waliomaliza Jumamosi nzima kuzipata herufi zile.

"Kuna tatizo, dada?" akaniuliza.

"Hakuna," nikasema. Akaendelea kusoma.