Moto Ambao Sikuusikia

Asalamu aleikum, akina mama na akina baba. Nasema Kiswahili kwa sababu wahudumu wengine wa afya hapa mmetoka bara. Nikikosea, nichekeni kidogo tu. Naitwa Halima, na mguu huu wa kulia mnaouona ni wa plastiki.

Kabla ya ugonjwa wa sukari nilikuwa mwanamke mnene, na unene wangu nilijivunia. Nilikuwa nauza maziwa ya ngamia sokoni hapa Garissa. Siku nzima nimekaa, siku nzima nakunywa chai, na chai yetu mnaijua, sukari inabaki chini ya kikombe. Kiu ilipoanza sikushtuka. Garissa nani hana kiu? Nilikunywa maji, nikaenda chooni, nikarudi nikanywa tena. Wenzangu walinitania kwamba nataka kuumaliza Mto Tana. Kisha nguo zikaanza kunipwaya. Sisimizi wakawa wanajaa pale nilipokojoa, nami nikawamwagia majivu nikaendelea na shughuli zangu.

Baadaye nyayo zikaanza kuwaka na kuchomachoma, halafu zikanyamaza kabisa. Ndala ilikuwa inanitoka njiani nisijue mpaka mtu aniite.

Nilikuwa naishi na Mama. Kwetu mama anaitwa Hooyo, na yeye pia humwita mwanawe hivyo hivyo. Mama alikuwa anatibu kwa moto. Wenyeji mnaelewa: kijiti kinawashwa, kinapulizwa mpaka kiwe chekundu, kinabanwa kwenye ngozi palipo na ugonjwa. Watu walitoka mbali kumfuata. Alinishika miguu akasema, "Baridi imekuingia, hooyo. Nitaitoa."

Nilipokuwa mtoto macho yangu yaligeuka manjano akanichoma, na nililia mpaka majirani wakaja. Safari hii nilikaza meno, nikasubiri. Akabana kijiti kwenye unyayo, akabana tena chini ya kidole gumba. Nilisikia harufu ya nyama. Moto wenyewe sikuusikia. Mama akaniangalia usoni, akacheka kwa furaha.

"Mashallah! Hata jicho hukupepesa. Umekuwa jasiri, hooyo."

Nami nikacheka. Wallahi, nilijiona shujaa.

Vidonda havikufunga. Vilianza kutoa maji, kisha usaha, kisha kidole gumba kikawa cheusi. Nzi hawakunipa nafasi. Wateja walianza kununua maziwa kwa wengine, wakiona haya kuniambia kwamba nanuka. Mama alikuwa ananiosha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, akisoma dua.

Fardosa, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kupima sukari. Alipofika kwetu alisimama mlangoni, akafunika pua kwa ushungi, akaona haya, akaushusha. Alinitoboa kidole. Kimashine hakikutoa hata namba. Kiliandika tu kwamba sukari imezidi. Akasema, "Abaayo, dada yangu, inuka. Tunaenda hospitali sasa hivi." Mama naye akafuata.

Daktari alikuwa mtu wa bara, mpole. Aliufungua mguu vitambaa, akaukagua.

"Halima, sukari imeua mishipa ya fahamu. Huu mguu umeoza mpaka ndani. Tusipoukata, utakufa. Nani alikuchoma?"

"Nilijichoma jikoni," nikasema.

Mama hakujua Kiswahili kingi. Akamuuliza Fardosa nimesema nini. Fardosa akamweleza kwa Kisomali. Mama akasimama, akanyoosha mkono wake wa kulia mbele ya daktari. "Mwambie ni mimi."

Walikata chini ya goti. Nilipozinduka nilihisi vidole vinawasha, nikapeleka mkono kuvikuna, nikakuta shuka tu. Nililia sana. Alhamdulillahi, kidonda cha kukatwa kilifunga. Fardosa alinifundisha kujidunga insulini. Akanitia kwenye kikundi hiki, tukawa tunapimana sukari, tunatembea pamoja, tunakaguana nyayo. Chai bila sukari mwanzoni niliiona kama maji ya kuoshea sufuria. Sasa nimeizoea, ingawa siwezi kudanganya kwamba naipenda.

Mimi nilipona. Mama hakupona. Hakumchoma mtu tena. Wakileta watoto aliwarudisha bila kusema sababu. Siku moja nikamwambia, "Hooyo, nimekusamehe tangu siku ile ile." Akajibu, "Wewe umenisamehe. Mguu je?"

Kisha akaja mwanamke kutoka Bura, Habiba, anataka moto kwa sababu miguu imekufa ganzi. Mama alikuwa amemwona Fardosa akinipima unyayo kwa uzi. Akamwambia Habiba afumbe macho, akachukua uzi, akamgusa unyayo.

"Nimegusa wapi?"

"Hujagusa bado," Habiba akasema.

Mama akaanza kulia. Akaniinulia nguo mpaka kwenye goti, akasema, "Tazama. Huyu ni mwanangu, na mkono uliomchoma ni huu. Nenda hospitali!" Habiba aliogopa, akaondoka bila kuaga. Mama aliamini amemtukana mgeni bure. Miezi michache baadaye kifua kilimbana, Mungu akamchukua.

Nawashukuru Fardosa na kikundi hiki. Nawaomba: kiu isiyokatika, usililaumu jua la Garissa, kapime. Mguu usiosikia usiupeleke kwenye moto, hata kama anayeushika moto anakupenda. Mimi nilipendwa sana.

Siku ya msiba wa Mama wanawake walijaa nyumbani. Habiba akaingia, akavua viatu vyote viwili mlangoni, akatembea mpaka nilipokaa. Hospitali walimkuta na sukari, na kidonda kidogo kati ya vidole ambacho hakukijua, wakakitibu kikapona. Akasema, "Nimekuja kumshukuru mama yako. Yuko wapi?" Kumbe hakuwa na habari, aliona watu akadhani tuna shughuli nyingine.

Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwita Mama aje aone.