Mwaka wa Chukuchuku

Wiki iliyopita wifi yangu alikuja kunitembelea hapa Dar, akaingia jikoni kunisaidia kupika wali. Nikamwona anachukua mkasi, anakata kona ya paketi ya tui, anaminya, basi. Hakuna kukuna, hakuna kuchuja, hakuna hata chicha moja sakafuni. Nilimtania kwamba hata ng'ombe hukamuliwa kwa heshima kuliko hivyo. Akacheka, nami nikacheka, lakini wewe unayenijua tangu zamani utaelewa kwa nini nilitafuta kiti nikakaa. Nimekulia Mafia, katikati ya minazi, na kuna mwaka mzima ambao tui halikuingia nyumbani kwetu.

Shamba lilikuwa la bibi, mama yake baba, pale Kiegeani. Alilirithi kwa baba yake, na marehemu mumewe amezikwa humo humo, upande wa kisima. Nyumba yetu ilikaa katikati ya shamba, ukifungua dirisha lolote unatazamana na shina la mnazi. Nazi zilitulisha, zikatuvisha, zikatusomesha. Hatukujua kama ni mali. Nani anafikiria hewa anayovuta?

Ilikuwa miaka ile hifadhi ya bahari imeshaingia. Juya, wavu wa kukokota wenye macho madogo, lilikuwa limepigwa marufuku, na mvuvi alitakiwa awe na nyavu za macho makubwa. Baba alikuwa na juya tu. Nyavu mpya zilitaka pesa, na benki haikuwa mahali pa watu kama sisi. Bibi akafunga safari mpaka Kilindoni kwa mwenye duka mmoja, Mhindi, Mwislamu mwenzetu, ambaye baba yake na baba wa bibi walifanya biashara ya mbata, nazi kavu, enzi hizo. Akaweka minazi yake rehani ili mwanawe apate nyavu. Masharti yalikuwa mepesi kuyasema: nazi zote ni za mwenye duka mpaka pesa yake irudi yote kwa mkupuo mmoja, na nazi atakazochukua hazipunguzi deni hata kidogo. Muda ni miaka mitatu. Tukiweza mapema, mapema.

Hatukuwa na haraka mpaka bibi alipoanza kuugua. Miguu ilivimba, akawa akitembea toka chumbani hadi kibarazani anasimama kutafuta pumzi. Siku moja alituita wote, akamwambia baba bila kupaza sauti, "Mwanangu, deni hili ni la jina langu. Sitaki kuzikwa nalo." Baba akasema utapona, mama. Toka siku hiyo nyumba ilibadilika, na mimi, mtoto wa darasa la nne, nilianza kumsikiliza bibi anavyopumua kama wengine wanavyosikiliza redio.

Mama ndiye aliyekamata usukani. Alitafuta kopo la maziwa ya unga, akalitoboa kifuniko, akaliweka juu ya kabati la vyombo. Baba akirudi kutoka sokoni, pesa ilihesabiwa mkekani mbele yetu: hii ya unga, hii ya mafuta ya taa, hii ya sabuni, inayobaki ni ya kopo. Kisha akaanza kukata. Sukari ilikwenda kwanza, tukanywa chai ya mkandaa, kavu, bila sukari wala maziwa. Nguo za Idi zikafuata. Halafu mama akasema jambo ambalo baba alidhani ni mzaha. Alisema hawezi kununua nazi sokoni huku analala chini ya minazi, na za shambani si zetu, kwa hiyo basi. Akaiosha mbuzi ya kukunia nazi, akaikausha, akaitundika ukutani. Tukaingia kwenye chukuchuku, mapishi yasiyo na tui.

Wewe umekula samaki wa chukuchuku siku moja, ukasifu ndimu na pilipili. Jaribu mwaka. Kisamvu cha maji na chumvi. Muhogo wa kuchemsha. Wali mweupe unaokwama kooni. Futari ya Ramadhani bila tui, huku harufu ya vyakula vya majirani inapita uani makusudi kabisa. Baba alikula kimya, na kimya chake kilimuudhi mama kuliko malalamiko.

Lakini kilichotutesa hasa ni nazi zilizoanguka zenyewe. Upepo ukivuma unasikia kishindo, kisha kingine, na kila kishindo bibi alitaja jina langu. Nilikwenda nikaiokota, nikaipeleka mpakani kwenye rundo la mwenye duka. Nilizibeba nikiwa na njaa, maji yanacheza ndani. Nilimuuliza bibi nani atajua tukila moja. Akasema, "Mimi nitajua, na mimi ndiye ninayetaka kulala." Nilimchukia kidogo, nisikufiche.

Bibi ndiye aliyegundua njia. Alikuwa amekaa kibarazani akitazama kuti limeanguka, akasema taratibu kwamba yeye aliweka rehani nazi, majani hakuyataja. Kule Utende hoteli za wageni zilikuwa zinajengwa, na wageni wanapenda kulala chini ya makuti, jambo ambalo bibi hakulielewa mpaka mwisho, maana sisi wenyewe tulikuwa tunaota bati. Tukaanza kushona. Tuliroweka majani, tukayakunja kwenye ufito, tukashona kwa kamba mpaka vidole vikachanika. Bibi alishona akiwa ameegemea ukuta, miguu juu ya mto, anapumzika, anashona. Kopo likaanza kuwa zito.

Kwenye angua iliyofuata, zamu ya kuangusha nazi, akaja msimamizi wa mwenye duka na wakwezi wake. Aliliona rundo letu la makuti, limefungwa, linangoja gari la hoteli. Akamwamkia bibi shikamoo, bibi akaitikia marahaba, kisha akasema makuti hayo yasiondoke. Shamba la rehani, kila kitu cha rehani. Bibi akamwambia, "Mwanangu, muulize aliyekutuma kama niliandika jani." Msimamizi akasema atamuuliza, lakini kwa sasa hakitoki kitu. Gari la hoteli likaja, likarudi tupu. Zikapita siku, makuti yanakaa uani, mama anayazunguka kama mtu aliyefiwa, na bibi sasa alikuwa anaketi usiku kucha kwa sababu akilala pumzi inakata.

Baba alitaka kufungua kopo ampeleke hospitali Kilindoni. Ndiyo siku pekee niliyomsikia akigombana na mama yake. "Pesa ipo, wewe unakufa," alisema. Bibi akajibu, "Ukigusa kopo hilo sitapanda gari." Baba akatoka nje, akasimama mbele ya baiskeli yake muda mrefu. Kesho yake aliiuza. Bibi akaenda hospitali kwa pesa ya baiskeli, akarudi na vidonge na pumzi iliyotulia kidogo.

Mwenye duka mwenyewe alikuja Ijumaa baada ya sala, na kanzu yake, ametota jasho. Mama akampa alichokuwa nacho, samaki changu wa chukuchuku na wali wa maji, na uso wa mama siku hiyo ulikuwa wa mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu. Mgeni akaonja. Akauliza, kwa upole tu, "Mama, shamba la minazi namna hii, mboga haina nazi?"

Mama akasema, "Nazi ni zako."

Akageuka kutazama mpakani, kwenye rundo. Akarudi kwenye sahani. Alipomaliza akasema zilizoanguka zenyewe tungekula, nani angesema kitu. Bibi akamwambia, "Hukuniambia." Akasema basi nakuambia leo. Bibi akatikisa kichwa. "Umechelewa, mwanangu. Nikianza leo nitapoteza hesabu. Mimi nataka majani yangu tu." Mwenye duka akanawa mikono, akamwambia msimamizi wake makuti yaachwe. Deni hakulisamehe, wala hatukumwomba. Lakini alisema pesa ikitimia tusingoje mwisho wa muda, tuipeleke hata kama ni siku ya sikukuu.

Ilitimia msimu wa mvua ndogo. Baba na mama waliondoka na kopo limefungwa kwenye kanga, wakarudi jioni, mama anatembea haraka huku anacheka peke yake. Hakuingia ndani. Alipita moja kwa moja shambani, akaokota nazi ya kwanza aliyoiona, akaifua, akaipasua, akaiteremsha mbuzi ukutani. Ile sauti ya kukuna, kru, kru, kru, bibi aliisikia akiwa chumbani akaanza kulia. Tulimlisha wali wa nazi mkononi. Alikula matonge mawili, akasema mama amezidisha tui, ameharibu. Sote tukacheka mpaka yeye akakohoa.

Hakuumaliza mwezi huo. Siku ya maziko mimi nilikuwa ndani na wanawake, dirishani. Jeneza likiwa uani, mzee mmoja alisimama kama ilivyo desturi, akasema kama yupo anayemdai marehemu ajitokeze amwone mwanawe. Mwenye duka alikuwa safu ya mbele. Nilimwona. Baba naye alikuwa anamtazama, ingawa alijua. Hakujitokeza mtu, na mwenye duka akainamisha kichwa, akafungua viganja vyake vitupu kuomba dua.

Ndipo upepo ukapita na nazi moja ikaanguka nyuma ya nyumba. Miguu yangu ikanyanyuka yenyewe. Mama akanishika ukingo wa kanga, akanivuta chini. "Kaa, mwanangu," akasema. "Hiyo ya kwetu."

Shamba hilo sasa limegawanywa kwa warithi, na sehemu ya ufukweni imeuzwa. Minazi mingi imezeeka, imekatika vichwa. Nyavu za baba zilioza zamani, na nyumba yetu ina bati tuliloliota, lina joto kama tanuri. Kopo sijui lilikwenda wapi. Wali wa wifi ulikuwa mzuri, nimsifu, tui zito, limekolea. Nilikula matonge mawili, nikamwambia amezidisha.